Mto Mkono wa Kulia

Budhni, 2 Machi 1978

Mwanangu Shakun,

Salamu zangu zikukute umekaa, si umeinama kisimani. Mimi ni mzima. Goti la kushoto hulalamika asubuhi, likishapata jua linanyamaza. Mkwe wangu Hukam hajambo? Na mama mkwe wako, kikohozi kimempungua? Mfikishie heshima zangu, umwambie ule mchuzi wa mbilingani aliompikia mwenzangu Dahiben, bado anausimulia njiani kama mtu anayesimulia harusi.

Naandika kwa sababu tuliagana vibaya. Ulisimama mlangoni kwenu ukinitazama nafunga mzigo, ukasema, "Siku moja tu, Mama? Hata mchuuzi wa bangili hukaa mbili." Nikajifanya natafuta fimbo.

Masharti ya safari hii unayajua tangu utoto. Anayeuzunguka Mto Narmada hutembea kutoka hekalu la Omkareshwar mpaka baharini, akauzunguka mdomo wake kwa mashua, akarudi kwa ukingo wa pili mpaka kwenye chemchemi, kisha akateremka tena mpaka pale alipoanzia. Mto hubaki mkono wake wa kulia siku zote. Halali kwa ndugu zaidi ya usiku mmoja. Na hauvuki mto kamwe. Akiuvuka, hata kwa bahati mbaya, mzunguko umekatika na anaanza upya. Sikuyatunga mimi haya, mwanangu.

Lakini habari uliyoninong'oneza jikoni ninatembea nayo. Mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mama yake, na wako atazaliwa kwetu Sanawad. Nitakuwa nimemaliza kabla ya mvua. Nitafungua mlango, nipake sakafu udongo mpya, nikungoje. Hiyo ni ahadi.

Jana nilikunguta mfuko wa marehemu baba yako ninaobebea unga wa sadaka, kikaanguka kipande cha ile chaki yake ya kuchorea vitambaa. Dahiben akaniuliza kama ni dawa. Nikasema ndiyo.

Niandikie kwa posta ya Jabalpur.

Mama yako


Karondia, 19 Machi 1978

Mama,

Nainama miguuni pako. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi natapika kila nikisikia harufu ya samli, na katika nyumba hii samli ndiyo dini. Hukam anakusalimu. Mama mkwe naye anakusalimu, halafu anaongeza, "Mama yako ana miguu ya bata, akiona maji tu anaondoka." Wanawake kisimani wamelipenda neno hilo. Sasa mimi ni binti wa bata.

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali unaposema unarudi. Badala yake nimekuta ahadi. Mama, nyumba hii pia imejaa ahadi, kuanzia ile ya kuezeka jiko.

Nitasema, nawe unisamehe. Baba amekufa. Uuzunguke mto mara kumi, hatarudi kukaa kwenye cherehani yake. Na yeye mwenyewe aliikwepa safari hii miaka yote. Kila mwaka alisema atakwenda akimaliza kushona nguo za harusi za watu. Kila mwaka harusi haziishi. Sasa wewe umefunga mlango wetu, ufunguo umempa jirani, unalala na watu usiowajua kwa sababu ya jambo ambalo mwenyewe hakulionea haraka. Mimi niko hai, Mama. Mimi ndiye ninayetapika.

Hukam amesikia kuna basi Indore linalowazungusha watu mto mzima, na makuhani wanalikubali. Unakaa dirishani, mto mkono wa kulia vilevile. Panda hilo, urudi.

Siku hizi siwezi kukaa mahali pamoja. Nikiketi nataka kusimama, nikisimama nataka kwenda mtoni. Mama mkwe anasema ni tabia ya ukoo.

Mwanao,
Shakun


Hekalu la Mahadev juu ya mwamba, 24 Juni 1978

Mwanangu,

Usishtuke kuona barua imeletwa na Bhuralal mvushaji badala ya mtu wa posta. Niko mbele yako. Simama juu ya ngazi za mto hapo kijijini kwenu, utazame ng'ambo: ule mwamba mweusi, hekalu dogo, bendera nyekundu. Yule mwenye sari nyeupe anayefua ni mimi. Jana niliona moshi wa jiko. Huenda ulikuwa wa jirani, ila niliamua ni wenu.

Natumaini kutapika kumekwisha na miguu haijavimba. Mimi nilivimba uso pia, baba yako akawa ananiita boga.

Nimechelewa, na sina la kujitetea isipokuwa homa. Ilinishika Mandla, nikalala zaidi ya mwezi. Dahiben alinipikia uji, akanitukana mpaka nikapona. "Ukifa hapa nitakuacha," aliniambia, "mimi nina safari yangu." Tuliposhika njia tena akaniambia natembea kama bi harusi anayepelekwa asikotaka. Tumekimbizana na mvua, na mvua imetushinda. Mito midogo yote mbele imejaa. Msimu wa mvua wazungukaji hutua mahali pamoja mpaka uishe, na sisi tumetua hapa. Sanawad sitafika. Ahadi yangu imekufa, na wewe mwezi wako ndio huu unaokuja.

Uliniandikia kana kwamba natembea kwa ajili ya mfu. Sikukujibu kwa sababu nilitaka kwanza kufikiri kama nikwambie. Nakwambia.

Ulikuwa na miaka sita, homa ya matumbo ikakulaza mpaka nywele zikanyonyoka. Daktari alikuwa amekwisha kufunga mkoba wake. Baba yako akaiacha suruali ya mtu chini ya sindano, akatoka, akaenda Omkareshwar mtoni. Aliporudi alisema ameuambia mto: mwache huyu, nami nitakuzunguka kwa miguu yangu. Kesho yake ukafumbua macho ukadai achari ya embe. Tukakukatalia, ukalia. Baba yako akaenda nyuma ya nyumba, naye akalia.

Halafu zikaja harusi za watu, kama unavyosema. Hakuisahau hata mwaka mmoja. Alikuwa akiona umepona, basi mto utasubiri. Msimu ule wa mvua aliokufa, siku ya mwisho, hakusema neno juu ya cherehani wala nyumba. Alisema, "Ile safari."

Kwa hiyo siye yeye ninayetembea kwa ajili yake. Ni wewe. Nadhiri ya uhai wako haijalipwa, na mwaka huu unakwenda kuzaa. Nikivuka leo, mzunguko umekatika, na nadhiri inarudi palepale ilipokuwa, juu ya kichwa chako. Ndiyo maana nakutazama kutoka ng'ambo kama mwendawazimu na siji.

Njoo wewe. Wewe hufungwi na sharti lolote. Kuhani na mkewe, Rukmabai, wana chumba kikavu, na Rukmabai amezalisha wanawake wa upande huu. Kwa mama ni pale mama alipo. Bhuralal anasema mashua bado inapita salama. Mwambie mama mkwe wako namwomba nikiwa nimeshika miguu yake.

Mama yako


Karondia, 10 Julai 1978

Mama,

Nainama miguuni pako. Kumbe wewe ndiye unayefua. Hukam alibisha akasema ni mbuzi.

Barua yako niliisoma nimejificha ghalani. Sikujua. Nilidhani ile homa niliipona tu, kama watoto wengine wanavyopona.

Nilimwomba mama mkwe ruhusa. Akajibu, "Mjukuu wangu azaliwe katikati ya wazee waliojipaka majivu? Wamzungushe naye?" Hukam alijaribu kumtetea Rukmabai wako, akaambiwa aende akawatetee ng'ombe. Nikasema basi mama yangu aje hapa. Akasema hana kinyongo, ila nani amewahi kumwona mama akila chakula cha nyumba alikomwoza binti? Halafu akachochea moto, akasema, "Akija, aje. Tutasema amekuja kwangu."

Kwa hiyo kwake njia iko wazi, Mama.

Mkunga wetu, Dhapubai, alinipapasa juzi. Mtoto amelala kwa upana, kama mtu aliyelala mlangoni mwa watu. Anasema huenda akageuka, huenda asigeuke. Njia ya kwenda zahanati ya Nemawar imekatwa na kijito, hata mkokoteni haupiti. Mke wa binamu ya Hukam alikuwa na mtoto wa hivyo mwaka juzi. Hapa nyumbani hawamtaji jina.

Naogopa. Mchana nakwenda ngazini, nasimama, narudi, nakwenda tena. Jana mlikuwa mnaanua nguo mvua ikawashika, wewe na Dahiben mnavutana shuka moja. Nikacheka, halafu sikuweza kunyamaza.

Sasa nikwambie jambo ambalo huku kila mtu analijua, ila wewe mgeni hukuambiwa. Ule mwamba mlipo si ukingo. Mvua zikikolea, maji hupita nyuma ya hekalu na kulifanya kisiwa. Ule mchanga mkavu mlioukanyaga mlipoingia ni mkono wa mto. Uliuvuka tangu siku uliyofika, bila kujua. Mzunguko wako ulikatika siku hiyo hiyo. Na unaona, sikufa. Nadhiri haikunirudia kichwani, naamka kila siku, nakula, nagombana na mama mkwe.

Basi unangoja nini hapo?

Mwanao,
Shakun


Hekaluni, 12 Julai 1978

Mwanangu Shakun,

Salamu nitakupa kwa mdomo. Bhuralal anakunywa chai ya Rukmabai na mimi naandika mbio. Anavusha kwanza magunia ya mtama, kisha anarudi kunichukua. Anasema baada ya leo haijulikani atavuka tena lini. Nimekutangulizia karatasi hii ili usije ukaniona ghafla ukakimbia kwenye ngazi zenye utelezi.

Dahiben hasemi nami tangu asubuhi. Lakini nimefungua mzigo nimekuta ameniwekea chupa yake ya mafuta ya haradali.

Mwambie Dhapubai asiondoke. Kaa hapo hapo ulipo.

Mama yako


Karondia, 26 Oktoba 1978

Mama,

Nainama miguuni pako, mimi na Kesar, ingawa yeye bado miguu yako anaijua kwa kuitapikia. Umefika Sanawad salama? Nyumba ilivuja? Jirani alitunza ufunguo, au aliutumia?

Kesar amenenepa. Mama mkwe alitaka mvulana na bado anawaambia watu hivyo, huku amempakata toka asubuhi na hampi mtu mwingine. Jana alimwimbia wimbo wenye matusi kidogo. Hukam ameezeka jiko, na hili nalo ni la kusimuliwa.

Nimezoea vibaya. Wiki zile zote ulizokaa hapa, nikiamka nakukuta umekaa karibu unakunja vitambaa. Bado kila nikiamka natazama upande ule. Dhapubai anajisifu kisimani kwamba ni mafuta yake yaliyomgeuza mtoto. Mimi nakumbuka mgongo wako tu. Ulikaa nyuma yangu, mgongo kwa mgongo, na kila nilipotaka kuanguka nilikuta kitu kigumu.

Mama, nasikia kwa Bhuralal kwamba unataka kwenda Omkareshwar siku ya kufunguliwa safari, uanze tena toka mwanzo. Ni kweli? Kwa goti lile? Mzunguko ule ulikatika bila kosa lako, hukujua. Mtu ambaye hakujua, mto utamdai nini? Waulize makuhani. Kama ni lazima, basi lile basi la Indore bado lipo.

Na je, ulipopita tena kule hekaluni kumpelekea Dahiben salamu, Rukmabai alikwambia lolote? Kuhusu mafuriko ya mwaka huu, yalifika wapi? Watu hapa wanasema hivi na vile. Ulikaa nasi muda wote ule na hukuwahi kuniuliza habari za ule mchanga. Nilikuwa nangoja uulize. Ukienda kisimani nasema leo atauliza. Ukirudi unauliza kama nimekula.

Nijibu upesi. Siku hizi tena siketi.

Mwanao,
Shakun


Omkareshwar, 13 Novemba 1978

Mwanangu Shakun,

Nimeipokea barua yako nikiwa nafunga mzigo, na hapa nimekaa kwenye ngazi za mto nakujibu, maana ukisema huketi najua hata maziwa hayashuki. Mimi ni mzima. Goti tumeelewana. Mbusu Kesar kisogoni, pale penye harufu ya mkate. Mama mkwe wako mwambie wimbo ule naujua, na una ubeti mbaya zaidi.

Nyumba haikuvuja. Nilifungua, nikafagia, nikapaka sakafu udongo. Kesho yake nikafagia tena. Cherehani ya baba yako nimeitia mafuta ingawa hakuna wa kuikalia. Wateja wawili walikuja kuulizia nguo zao za mwaka juzi, nikazitafuta nikawapa. Mmoja amenenepa, haimwingii tena, akabaki ameishika tu. Jioni nilikuwa nakaa kizingitini, nasimama, nakwenda mpaka dukani bila haja, narudi. Kwa hiyo nawe ulisema kweli katika ile barua ya samli. Nilitembea kwa sababu ya nadhiri, lakini vilevile nilitembea kwa sababu sikuweza kukaa katika nyumba ile na kiti cha baba yako. Yote mawili ni kweli, na sijui lipi lilitangulia.

Sasa hilo la mchanga, ambalo limekunyima kukaa.

Niliposoma barua yako ya Julai nilizunguka nyuma ya hekalu. Katikati ya ule mchanga kuna kichuguu kinachonipita urefu, kigumu kama tofali la kuchomwa. Mchwa hawajengi mahali ambapo mto hupita kila mwaka. Hata hivyo nilimuuliza Rukmabai. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema tangu aolewe maji hayajapita huko hata mara moja, na kama yangepita, mbuzi wake angewafunga wapi? Dahiben alikuwepo, akasikia. Ndiyo maana alininunia: alijua kwamba najua.

Kwa hiyo mzunguko ulikuwa mzima, Shakun. Ulikuwa mzima mpaka nilipotia mguu kwenye mashua. Nilikatisha mwenyewe, macho wazi, zikiwa zimebaki siku chache za kutembea mvua zikiisha.

Niliogopa sana. Nisikudanganye. Katikati ya mto nilishika ubao wa mashua nikasema kwa sauti, "Aliyekatisha ni mimi. Nitarudi nianze upya. Huyu mwache." Bhuralal akangoja nimalize, akasema, "Mama, kama mmekwisha kuongea, sogea huku kidogo, mashua inalala upande."

Kila nilipokutazama siku zile umelala na mtoto, nilitaka kukwambia, nikajisemea upone kwanza. Halafu nikaona aibu, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na jambo la kuficha. Nadhani ulikuwa unaniangalia ukifikiri vivyo hivyo, na sisi wawili tukawa tunaulizana kama tumekula.

Makuhani sikuwauliza. Najua nilichouambia mto. Asubuhi hii nimechota maji mapya, nimepewa fimbo mpya, na Dahiben aliyemaliza safari yake wiki hii amekuja kunicheka na kunifungia mkanda kiunoni. Amesema, "Wewe utakufa ukianza." Nitatembea polepole. Nikifika ukingo wenu, labda mwezi wa pili au wa tatu, nitalala usiku mmoja tu, nawe usinisimamie mlangoni. Nipe mtoto nimshike tangu ninapoingia mpaka ninapotoka.

Wenzangu wanasimama sasa, wananiita.

Usije ukanitaka radhi kwa ajili ya barua ile, wala kwa kuandika wala kwa mdomo. Uliogopa, ukaandika lililokujia. Ungeniandikia kwamba Narmada yote imekauka toka chemchemi mpaka baharini, na mimi nimekaa hapa naisikia ikinguruma, ningekuja vilevile.

Mama yako